Wauza runinga Mtwara, tuambieni nani atazitengeneza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalozungumzwa nyumba nyingi hapa Mtwara tangu malipo ya korosho yaanze kuingia: kubadili runinga. Maduka ya karibu na soko kuu yamepanga flati skrini mpaka barazani, na mengine yameweka vibao vya kuwaita watu walete chogo zao, yaani runinga za zamani zenye mgongo mkubwa, waongeze hela, waondoke na mpya. Kwetu jambo hili limejadiliwa muda mrefu na sasa tumefikia uamuzi. Lakini kabla hela haijatoka mkononi, nina maneno kwa wauzaji, na nina maneno kwa wenzangu wanaokwenda kununua.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na kushona hapa hapa Chikongola. Chogo yetu ni ya inchi 21, tuliinunua mtoto wangu wa kwanza akiwa bado ananyonya, na leo kijana huyo yuko chuo. Bado inawaka. Yeye anataka runinga janja, ile inayoingia intaneti, ya inchi 43. Mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye, anataka kuona maandishi bila kusomewa na mjukuu. Baba watoto anasema hela ya korosho za Nanyamba ina kazi zake, ada na salfa ya msimu ujao, na chogo haijaharibika. Wote watatu wana haki, ndiyo maana nikaamua kupima badala ya kubishana.

Nilianza na umeme, kwa sababu ndilo neno la kwanza la kila muuzaji. Mmoja aliniambia, "Mama, hiyo chogo inakula umeme, flati itakurudishia hela yako kwenye LUKU." LUKU ndiyo mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Nikarudi nyumbani, nikaigeuza chogo, nikasoma kibandiko cha nyuma: wati 75. Ile ya dukani ya inchi 32 imeandikwa wati 40. Tofauti ni wati 35. Kwetu runinga huwaka kama saa 6 kwa siku, kwa hiyo tofauti kwa mwezi ni uniti 6 na ushei. Sisi hatumo kwenye daraja la wanaotumia uniti 75 kwa mwezi kushuka chini, kwa sababu ya friji na pasi yangu ya kazi, hivyo uniti moja tunainunua kama shilingi 356, kodi na tozo zikiwemo. Ukizidisha, haifiki shilingi 2,300 kwa mwezi. Runinga ile inauzwa shilingi 380,000. Nikitegemea umeme pekee unirudishie hela hiyo, nitasubiri miaka 14. Na kwa aliyemo kwenye daraja la chini, ambaye uniti yake ni kama shilingi 122, faida haifiki hata shilingi 800 kwa mwezi. Anayekwenda kuchukua inchi 55 ajue kabisa kwamba nyingi za ukubwa huo hula wati 100 na zaidi, yaani atanunua umeme mwingi kuliko wa chogo aliyoiacha. Kwa hiyo wauzaji waache kutumia umeme kuwashawishi watu wa kipato kama changu. Mwenye sababu ya kubadili runinga ana sababu nyingine, si hiyo.

Na hii si mara ya kwanza kuharakishwa. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na maeneo mengine yakafuata kwa awamu, watu wengi waliamini kwamba chogo zimekwisha kazi. Wapo walioziuza kwa hela ya kutupa. Kumbe kilichotakiwa kilikuwa king'amuzi na waya wa vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Chogo yangu ilivuka pale na inaonyesha mpaka leo. Naikumbusha habari hii kwa sababu nyumba nyingi za huku Kusini zimekulia kwenye redio. Zanzibar walikuwa na runinga yao tangu 1973, lakini Bara ilibidi tusubiri mpaka vituo binafsi kama ITV vilipoanza miaka ya 1990, na ya taifa ikaja miaka kadhaa baadaye. Kwa wengi wetu chogo ndiyo runinga ya kwanza kuingia nyumbani. Mtu anayeipenda asidharauliwe.

Sasa nije kwenye kilichonigeuza mawazo. Nilichukua futi yangu ya kushonea nikapima kioo. Upana ni sentimita 41, kimo ni 30 na kidogo. Vipindi vya siku hizi vinarushwa kwa umbo pana, 16 kwa 9, na kioo cha chogo ni 4 kwa 3. King'amuzi kina njia tatu za kuliweka umbo hilo pana kwenye kioo chetu, na unaweza kuchagua kwenye mipangilio yake. Kinaweza kukata picha kushoto na kulia, na hapo matokeo ya mpira yaliyoandikwa pembeni yanapotea, ndiyo ugomvi wa kila siku Simba au Yanga inapocheza. Kinaweza kuivuta kwenda juu, watu wote wakawa wembamba na warefu. Au kinaiweka nzima na kuacha utepe mweusi juu na chini. Tukiiweka nzima, kimo cha picha kinabaki sentimita 23 tu. Kwenye flati ya inchi 32 nilipima sentimita 40 kwa 71, na dukani walinishangaa kwa futi yangu shingoni, lakini walinipisha. Picha ile ile ya mpira inapata eneo mara tatu ya lile la chogo. Yale maandishi yanayopita chini wakati wa taarifa ya habari, kwenye chogo herufi zake hazifiki sentimita moja, na kwenye flati zinapita sentimita moja vizuri.

Mama yangu ana mashamba yake ya korosho. Habari za minada anazifuatilia kuliko sisi sote, na bei zikisomwa haraka anataka kuzihakikisha kwa macho yake mwenyewe. Hiyo ni sababu inayonitosha. Kuongeza inchi kwa ajili ya macho ya mzazi si anasa.

Upande wa sauti chogo imeshinda wazi. Mimi runinga naisikiliza kuliko kuitazama, macho yangu yako kwenye mshono. Chogo ina spika mbili mbele, zinakutazama usoni. Flati kwa wembamba wake spika zimewekwa chini au nyuma, ni ndogo, na sauti inakwenda ukutani. Dukani huwezi kulijua hilo kwa sababu wanawasha muziki kwenye spika kubwa za nje. Nilimwomba muuzaji azime zile, aniwekee taarifa ya habari. Cherehani ikilia kidogo tu, yale maneno nisingeyasikia. Mnaokwenda kununua, ombeni mfanyiwe hivyo, na nendeni na king'amuzi chenu wenyewe, si kuonyeshwa video ya samaki wa rangi iliyo kwenye flashi.

Kuhusu runinga janja nitasema kwa kifupi. Saa moja ya picha kali ya HD ya intaneti inaweza kula kama GB 3, na sisi tunaishi kwa bando la simu. Programu zake nazo huacha kupokea maboresho baada ya miaka kadhaa wakati kioo bado kizima. Kijana wangu nimemwonyesha tundu la HDMI, la kupitisha picha na sauti kwa waya mmoja, king'amuzi na kompyuta yake vyote vitaingia hapo, ameridhika.

Jambo linaloniuma ni matengenezo. Jirani yangu, mama anayeuza samaki, alinunua flati hapa mjini. Kabla mwaka haujaisha ikawa inatoa sauti bila picha. Alirudi dukani na karatasi yake ya waranti, akaambiwa runinga lazima ipelekwe Dar es Salaam, na usafirishaji ni juu yake. Zaidi ya kilomita 500, kioo chembamba kwenye buti la basi! Ilifika kioo kimepasuka. Akaambiwa waranti haihusu kupasuka. Yule mama hana runinga wala hela mpaka leo, na karatasi anayo.

Nilipomweleza fundi wetu wa Magomeni, alisikitika sana. Aliniambia, "Dada, hiyo angeniletea mimi kwanza." Akanifundisha kitu ambacho kila mtu anapaswa kukijua: flati ikitoa sauti bila picha, zima taa za chumba, imulike kioo kwa tochi ukiwa karibu. Ukiona picha hafifu inatembea, kilichokufa ni taa za nyuma, zile zinazomulika kioo kwa ndani, na hizo anabadilisha hapa hapa. Kioo chenyewe kikipasuka ndipo hakuna la kufanya, maana bei yake inakaribia ya runinga nzima. Chogo kwake ni rahisi zaidi, kapasita au flaibaki, kile kifaa kinachokuza volti za kioo, anazitoa kwenye chogo zilizokufa alizozirundika nyuma ya banda, ingawa vioo vyake havitengenezwi tena viwandani, kwa hiyo siku kioo kikichoka ndiyo mwisho. Alinionya pia kwamba ndani ya chogo ya rangi mna volti zaidi ya 20,000, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata waya ukiwa umechomolewa. Wazazi wenye watoto wapenda kufungua vitu, tafadhali wakatazeni.

Sasa ombi langu kwa wenye maduka. Waranti iandikwe kwa Kiswahili, na ionyeshe ni nani hapa Mtwara atakayeipokea runinga ikiharibika. Kama ni lazima iende Dar es Salaam, aliyeuza aisafirishe, na ikivunjika njiani iwe mikononi mwake. Ionyeshe taa za nyuma zimo au hazimo, kwa sababu ndizo nimesikia zikifa kuliko kitu kingine. Hapa kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na hewa ya chumvi inakula vyuma. Mfanyabiashara wa Mtwara anayajua hayo, basi asiyatumie kama kisingizio cha kukataa kutengeneza. Nanyi wanunuzi, msitoke dukani bila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila hiyo hata mtu akitaka kukusaidia hana pa kuanzia. Mafundi wetu wa mjini nao waitwe na maduka haya, wapewe vipuri na kazi rasmi. Wapo, wana ujuzi, na wako hatua chache kutoka mlangoni.

Uamuzi wetu ni huu. Tutanunua inchi 32 ya kawaida, isiyo janja, kwenye duka litakaloniandikia hayo niliyoyataja. Lisipopatikana, tutasubiri. Chogo hatuipeleki kwenye kubadilishana, maana hela wanayoikatia ni ndogo mno. Inahamia chumba changu cha kushonea na sauti yake nzuri, na wateja wanaosubiri nguo watapata cha kutazama. Baba watoto amekubali baada ya kuona herufi nilizozipima, na ameongeza sharti lake kwamba tununue na kifaa cha kulinda umeme siku hiyo hiyo. Nimeona ana haki.

Limebaki moja, nalo nalielekeza Manispaa ya Mtwara Mikindani. Vioo vya chogo vina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto wadogo. Nimewaona watoto jalalani wakivivunja kwa mawe na kuchoma nyaya wapate shaba ya kuuza. Msimu huu chogo zitakazotupwa zitakuwa nyingi. Tunaomba itengwe sehemu moja ya kuzipeleka, yenye uzio, na mafundi waruhusiwe kuchukua vipuri hapo kwanza. Na maduka yanayozipokea kwa kubadilishana yatangaze, kwenye vibao vile vile vya barazani, yanazipeleka wapi.

Ni mimi,
Fundi cherehani,
Chikongola, Mtwara