Rejesho la kila siku linaficha riba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kina mama wenzangu, pia na viongozi wa halmashauri yetu. Mimi ni mama lishe, nina banda la chakula karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa.

Januari ya mwaka jana binti yangu alipangiwa shule ya bweni, kidato cha kwanza. Ada imefutwa, ni kweli, lakini godoro, sare, ndoo, madaftari na nauli havijafutwa. Nilikuwa na wiki moja. Nikaenda kwenye ofisi ya mikopo ya mtaani, hii tunayoiita kausha damu, nikakopa Sh500,000. Walikata Sh15,000 ya fomu na Sh25,000 waliyoiita bima, nikatoka na Sh460,000 mkononi. Masharti yalikuwa kurejesha Sh20,000 kila siku kwa siku 30. Haikunichukua hata saa moja. Nilijisemea, nitarudisha laki sita, riba ni laki moja, asilimia 20, nitaimudu.

Siku nzuri bandani, nikishatoa mchele, mkaa, mafuta na ujira wa binti anayenisaidia, nabaki na Sh25,000. Afisa mikopo alikuwa anapita saa 11 jioni na daftari lake, anachukua 20,000, mimi nabaki na 5,000 ya kulisha watoto nyumbani. Wiki ya pili nilianza kununua mchele kwa kilo badala ya gunia, maana mtaji ulikuwa unaondoka na lile daftari. Kisha malaria ikanilaza siku nne, banda likafungwa. Faini ilikuwa Sh5,000 kwa kila siku niliyoruka. Siku ya nne walikuja wakabeba mtungi wa gesi na sufuria zangu mbili kubwa. Mama lishe asiye na sufuria atalipa deni kwa kupika nini? Mdogo wangu wa Kilosa ndiye aliyenitumia hela ya kuzikomboa.

Aliyenifumbua macho ni mteja wangu, mzee mstaafu aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Nilimwonyesha ile karatasi ya marejesho, akachukua kalamu. Akaniambia, "Mama, hela hii hukukaa nayo mwezi." Nikamwuliza kwa vipi. Akanihesabia kidole kwa kidole. Kama ningelipa bila kuruka, kufikia siku ya 15 ningekuwa nimesharudisha Sh300,000. Siku ya 23 ningekuwa nimerudisha Sh460,000, yaani kila shilingi niliyopokea. Siku saba za mwisho ningekuwa natoa Sh140,000 ambazo sikuwahi kuzishika. Na kwa kuwa deni linapungua kila jioni, huku riba imepigwa kana kwamba nimeishikilia laki tano nzima hadi siku ya mwisho, riba yenyewe, ukiunganisha na yale makato ya mwanzo, inapita asilimia 50 kwa mwezi. Nilikaa kimya pale bandani, chai yake ikapoa.

Kikomo cha riba cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano, hiyo ni Sh17,500. Nasema haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakituita wajinga, eti wanawake tunakopa tununue vitenge. Mimi nilimnunulia mtoto godoro. Na siku ile hakuna aliyenisomea jumla yoyote. Nilitajiwa elfu ishirini tu, na elfu ishirini haimtishi mtu anayeshika hela kila siku. Karatasi ya mkataba ilibaki kwao. Mimi nilipewa kadi ya marejesho pekee.

Ukutani mwao palikuwa na leseni ya biashara, nami nikadhani inatosha. Kumbe kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha watu kwa riba, awe kampuni au mtu binafsi, anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya kazi hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yasiyo na leseni, na wengi tuliyasikia redioni. Naomba na sisi wa sokoni na stendi tufanyiwe hivyo: orodha ya wenye leseni ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya mtaa, na mtendaji awasomee watu mkutanoni. Mkopeshaji naye alazimishwe kumpa mkopaji nakala ya mkataba, yenye mistari miwili ya maandishi makubwa: umepokea shilingi ngapi mkononi, utarudisha shilingi ngapi jumla.

Kwa sasa niko kwenye kikoba cha kina mama 30, kimesajiliwa halmashauri. Riba tunayolipa inaturudia Desemba tunapogawana. Lakini niseme ukweli, kikoba hakikupi hela siku unayolia, lazima usubiri kikao, na hapo ndipo kausha damu wanapotushinda. Kwa hiyo mwaka huu nimeanza kibubu cha Januari. Tangu Juni naweka Sh3,000 kila siku ya kazi, kabla sijagusa hela ya mboga. Kwa siku 26 za mwezi ni Sh78,000, na ikifika Desemba itakuwa Sh546,000. Kuna siku inaniuma kuitoa, hasa mvua ikinyesha na wateja wakiwa wachache. Ila sijaikosa hata mara moja.

Ile kadi ya marejesho ninayo mpaka leo, pamoja na hesabu ya mwalimu nyuma yake. Ofisa yeyote wa halmashauri akitaka kuiona, bandani nipo kuanzia saa 11 alfajiri.

Mama lishe,
Msamvu, Morogoro