Barua kwa mwanangu: koti la babu mtani lipo kwangu

Mwanangu, salaam aleikum. Shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliipokea, marahaba baba, lakini ulikuwa unaingia kwenye kikao ukakata kabla sijasema nililotaka kusema, ndo maana nakuandikia. Soma ukiwa umetulia, usisome ukiwa kwenye bodaboda.

Hela uliyotuma ilifika. Elfu hamsini, siku ileile babu kafariki, saa nne asubuhi, hata sanda ilikuwa haijanunuliwa. Nilimpa bibi ubani wako mkononi, ukaandikwa kwenye daftari, jina lako la tatu kutoka juu, ikatoka sukari na mchele wa siku ya kwanza. Na kwenye grupu la ukoo niliona umeweka ile stika ya mikono na neno poleni. Angekuwa mtu mwingine yeyote hapa mtaani ingetosha kabisa, nisingekuandikia chochote, maana najua kazi zenyewe za siku hizi na Dodoma sio Pugu. Ila yule hakuwa jirani tu, yule alikuwa mtani wako, na mtani hatumi pole, mtani anakuja mwenyewe.

Labda hatukukueleza vizuri, na kosa hilo ni langu. Ulikua unaona tu. Babu alikuwa anakuita mtumwa wangu, unakuja ndani unalia, mama babu kaniita mtumwa na chapati yangu kachukua, mi nakwambia nenda kamnyang'anye kofia. Ukaenda kweli. Akakukimbiza kuzunguka ule mwembe anapiga kelele Mzaramo mwizi, Mzaramo mwizi, mwisho mkakaa chini mkala chapati nusu kwa nusu na kofia umeivaa wewe. Ulikuwa na miaka minne au mitano. Tangu siku hiyo hukulia tena akikutania, ukawa unamjibu, ukawa unamuuliza mzigo wako wa pembe umeuacha wapi leo.

Sasa hilo la mzigo ulikuwa unalisema bila kujua limetoka wapi. Babu alikuwa Mnyamwezi na sisi Wazaramo. Wazee wa kwao ndo walikuwa wapagazi karne ile ya 19, wanatoka Unyanyembe huko Tabora wamejitwika pembe za ndovu, wanatembea kwa miguu miezi mpaka Bagamoyo, wakifika huku Pwani wako kwenye nchi za watu, hana mama hana shangazi, akiumwa nani atamuuguza, akifa nani atamzika. Babu alikuwa ananiambia utani wetu umeota hapo hapo njiani. Mwenyeji anampa mpagazi maji na pa kulala, akifa anamzika, na mpagazi naye akiwa na chakula mwenyeji anachukua bila kuuliza, hakuna kukasirika, ukikasirika wewe ndo umekosa. Halafu Mjerumani akajenga reli, ikaanzia Dar mwaka 1905 ikafika Tabora 1912, Kigoma 1914, upagazi ukafa, lakini utani ukabaki. Baba yake babu yeye alishuka na hiyohiyo treni kuja kukata mkonge, walikuwa wanaitwa manamba, na alipofika akakuta watani zake wapo wanamsubiri kama vile baba zake walikuwa wamepita hapo jana yake. Wala sio sisi peke yetu, Wangoni na Wahehe walipigana vita ya kweli, kuanzia 1878 mpaka 1882, watu wakafa, leo wakikutana kwenye msiba mmoja anamtukana mwenzake na wote wanacheka. Mtu unayeweza kumtukana na asikasirike, huyo mmetoka naye mbali.

Lakini nililotaka kukwambia sio historia. Nataka nikwambie siku ya tatu ya msiba wa baba yako, maana ulikuwepo ila sijui unakumbuka nini.

Ilikuwa 2003, wewe una miaka tisa. Babu hakuwepo hapa, alikuwa kaenda kwao Tabora kumuona dada yake. Hakukuwa na simu mkononi kwa kila mtu kama sasa, hela tulikuwa tunampa kondakta wa basi kwenye bahasha, taarifa ya msiba ilipigwa simu kwenye duka moja huko ndo wakaenda kumtafuta. Hatukumtegemea. Baba yako alizikwa siku ileile, kaburi wakachimba watani wengine, na mimi nikaingia ndani na eda yangu. Sikulia mwanangu. Watu walikuwa wanasema ana moyo, kumbe nilikuwa nimekauka tu, maji yenyewe yalikuwa hayapiti kooni. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni ya kitanda hujasema neno siku mbili, shangazi yako kakubembeleza na maandazi wapi, hufungui mdomo.

Siku ya tatu watu wanajiandaa kuanua tanga, nikasikia nje ya mlango kikohozi cha baba yako.

Unakijua kile kikohozi chake, kifupi mara mbili halafu kimoja kirefu. Wanawake wote chumbani wakanyamaza. Mi nilihisi roho inatoka. Halafu ikaja sauti yake vilevile, we mama watoto, chai iko wapi, mbona watu wengi hivi kwani nani kafa? Pazia likafunguliwa kidogo, ni babu, kavaa koti la baba yako lile la kahawia na kofia yake kaielekeza upande kama alivokuwa anaivaa, anachechemea mguu wa kushoto, vumbi la treni liko mpaka kwenye kope, hajaoga, hajala. Kasafiri siku moja usiku na mchana na zaidi, sehemu nyingine ya njia kasimama. Akanitazama akasema, nimekwenda huko kaburini nimekuta hakuna ugali, nimerudi.

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye mkeka na kicheko kikageuka kilio, nikalia mchana mzima, ndo nikapona siku hiyo. Na wewe ulitoka pembeni ya kitanda ukaenda kumshika koti ukamwambia vua, la baba hilo, mwizi wewe. Neno lako la kwanza tangu msiba. Akakwambia njoo ulivue mwenyewe mtumwa wangu, akakubeba.

Na haikuishia hapo. Walikuwepo ndugu wa upande wa baba yako, siwataji, wameshaanza kunong'ona habari ya shamba la mikorosho kabla hata tanga halijaanuliwa, eti mwanamke atalifanyia nini. Nani angewaambia kitu? Kaka zangu wangesema ingekuwa ugomvi wa koo mbili. Babu akaenda akalala chali katikati ya baraza, na koti lilelile, kofia kaiweka usoni, kila anayetaka kupita anamruka, akawa anasema kwa sauti ya baba yako mimi marehemu naulizia, nani anauza mikorosho yangu? Wewe hapo kaka, au wewe? Semeni nisikie kabla sijarudi. Watu wakacheka, wale nao wakacheka maana mtani huwezi kumkasirikia, lakini habari ya shamba ikafa pale pale na haijarudi mpaka leo. Ada yako ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho ile, miaka yote minne.

Wapo masheikh hawapendi hayo mambo msibani, wanasema ni mahali pa dua, na mimi siwabishii, dua zilisomwa zote na kisomo kilisomwa. Ila nakwambia kilichonitokea mimi.

Sasa amekufa yeye. Vijana wa Kizaramo walikuwepo, nisiwaseme vibaya, walichimba kaburi na mwanandani vizuri, wakabeba jeneza, mmoja alijaribu kulala kaburini adai hela kama wanavofanya watani, akapewa elfu mbili akatoka anaona aibu, hakujua aseme nini. Hawakumjua babu. Hawajui alivyokuwa anatembea kama bado ana mzigo kichwani, shingo imenyooka, wala alivyokuwa anaita watu kwa kupiga ulimi. Siku ya kuanua tanga bibi alikuwa ndani kakauka vilevile kama mimi mwaka ule, macho makavu, anaangalia ukuta. Wazee wakaniuliza, mtani wake yuko wapi? Hawakuwa wananiulizia mimi, walikuwa wanakuulizia wewe.

Basi nikajaribu mwenyewe. Nikalivaa koti lake, lile la mitumba la mifuko mikubwa, nikasimama mlangoni nikapiga ulimi kama yeye. Neno la kwanza likatoka, nikasema enyi watumwa wangu. La pili likakwama. Nikaangalia mikono ya lile koti ilivyonifunika vidole nikaanza kulia mimi badala ya yule niliyekuja kumchekesha, wakanitoa. Bibi hakulia. Mpaka leo hajalia, anajibu watu ndio na hapana, usiku hasinzii, mjukuu wake ananiambia.

Sikuandikii ujisikie vibaya halafu utume hela nyingine. Tafadhali usitume. Mi najua wewe ulikuwa unampenda, kila ukinipigia ulikuwa unauliza yule Mnyamwezi bado yupo, na yeye akiniona lazima aniulize mtumwa wangu kapata mke au bado anakula kwa mama ntilie. Alikuwa anataka aje akutanie siku ya harusi yako. Alishaniambia ataibeba mahari yako kichwani aondoke nayo.

Arobaini ya babu ni Jumamosi, sio hii, ile inayofuata. Bibi bado yupo kwenye eda, ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo atakuwa ndani chumba kilekile cha mbele, mlango wa pazia. Siku hizi treni ya SGR ipo, tangu 2024 watu wanatoka Dodoma asubuhi mchana wapo Dar, ukishuka upite Gongo la Mboto na Pugu utafika huku Kisarawe jua bado lipo. Usiingie kwanza kwangu, na usipige simu kwamba umefika. Pitia uwani kwa nyuma, nitakuwa jikoni na wanawake wenzangu, koti nitalitundika kwenye msumari wa mlango wa stoo. Sijalifua, lina harufu yake ya tumbaku. Kofia iko kwenye mfuko wa kulia.

Na ule mlio wa ulimi, ufanyie mazoezi kwenye treni.

Mama yako.