Mtuandikie waini na muchomo pia, si steki tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji. Kila nikiona makala ya waini, chakula kinachotajwa ni jibini na steki ya hotelini, basi mtu wa hapa Kampala anasoma anaona hayo hayamhusu, anafungua ukurasa wa mpira. Na huku supamaketi zetu zimejaa chupa za Afrika Kusini na watu wananunua, wengi wanachagua kwa bei tu ama wanatafuta ile iliyoandikwa tamu. Mtuandikie waini pamoja na chakula chetu, na mkitaka pa kuanzia anzeni na zabibu ya Pinotage.

Hii zabibu imezaliwa Afrika. Mwaka 1925 profesa Abraham Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, alichanganya zabibu mbili, Pinot Noir, ambayo inasifiwa sana ila shambani inasumbua, na Cinsaut inayovumilia jua na kuzaa vizuri, wakati ule kule waliiita Hermitage. Akapata mbegu nne tu, akazipanda kwenye bustani ya nyumba aliyokuwa anakaa, halafu 1927 akahama kazi na bustani ikabaki magugu matupu, wakaja watu kuisafisha na ile miche ingeng'olewa yote kama si mhadhiri kijana Charlie Niehaus, inasimuliwa alikuwa anapita na baiskeli, akaijua akaiokoa. Yaani zabibu nzima ya bara letu ilibakia kidogo tu ipotee! Chupa ya kwanza yenye jina Pinotage kwenye lebo ilikuwa ya Lanzerac, mavuno ya 1959, ikaingia sokoni 1961.

Waini yake ni nyekundu na kavu, yaani si tamu, ina ladha ya plamu nyeusi na harufu ya moshi kwa mbali, na zile zilizokaa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyochomwa ndani zinanukia kahawa na chokoleti. Pia ina tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana na majani. Wengi wanaionja tupu wanasema kali, wanaiacha. Lakini tanini ikikutana na nyama na mafuta yake inalainika, na moshi wa makaa unaitana na moshi wa waini, ndo maana kwa muchomo wa mbuzi ama wa nguruwe mi sijaona inayoishinda. Luwombo ya ng'ombe, ile nyama ya kupikwa ndani ya majani ya ndizi, pia inakubali sana. Gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, hapana, utamu wake unafanya waini ionekane chungu, na ngege wa kukaanga ndo kabisa, samaki na waini nyekundu vinaweza kuacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili weka kidogo maana Pinotage nyingi zinafika asilimia 14 ya pombe na pombe inazidisha kuwaka.

Halafu kuna hili la joto, na hapa naomba wenye baa wasome. Ile kanuni ya joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi, si chumba cha Kampala saa nane mchana kwenye nyuzi 27. Chupa inakaa rafu ya juu karibu na taa, inakuja mezani na uvuguvugu, mteja anasikia pombe tu. Iwekwe friji kwanza kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ifike kama nyuzi 16 hivi, utaona tofauti kubwa sana.

Wasiokunywa kwa dini ama afya nawaheshimu, simwambii mtu aanze. Nasema kwa wale ambao tayari wananunua, pesa yao iwafae.

Mkianzisha hiyo safu, ya kwanza iwe Pinotage na mbuzi, ya pili ngege na waini nyeupe ya Chenin Blanc, nayo inalimwa sana huko huko Afrika Kusini.

Msomaji wenu,
Ntinda, Kampala