Shukrani kwa dada aliyenionyesha punje mbili

Dada, jina lako sikuliuliza, ila popote ulipo, ahsante sana.

Ulisimama muda mrefu mbele ya michoro yangu ya kahawa. Kila aina niliichora kama mtu wa siku hizi: Robusta ni mlinzi wa zamu ya usiku, simu mkononi, maana kafeini yake, ile inayofukuza usingizi, ni karibu mara mbili ya Arabika, Arabika naye amekaa dirishani, kompyuta mapajani. Wengine walisifu rangi wakapita. Wewe ulifungua mkoba, ukatoa punje mbili mbichi, ukaniwekea kiganjani. "Tazama mfuo wa katikati," ukanong'ona. Wa Arabika umepinda kama herufi S, na punje yenyewe ni ndefu kidogo. Robusta ni ya mviringo, mfuo umenyooka. Mimi nilizichora zote sawa!

Usiku uleule nilianza kurudia michoro. Sasa mkunjo ule uko kwenye mtandio wa Arabika, na ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Hukunikosoa mbele za watu, na hilo sitalisahau. Nilipogeuka kutafuta kalamu niandike jina lako, ulikwisha ondoka. Punje zako ziko hapa mezani, kando ya brashi.