Kutoka wodini si mwisho wa upandikizaji wa uboho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo huachwa nje karibu kila mara habari za upandikizaji wa uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, zinapoandikwa. Habari hizo huishia siku mgonjwa anapotoka wodini, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeanza kupanda na daktari akiwa ametamka kwamba uboho mpya umeshika. Siku hiyo ina furaha ya kweli, nami naijua, kwa kuwa uboho aliopewa mdogo wangu ulitoka kwangu baada ya wake kuacha kabisa kutengeneza damu. Hata hivyo, kwetu sisi hatari kubwa ilikuwa bado haijafika.

Ilifika katika wiki ya sita. Viganja na nyayo zake zilianza kuwasha na kuwa nyekundu, kisha vipele vikapanda hadi masikioni. Tukidhani ni mzio wa dawa, tulisubiri siku nne hadi tarehe yake ya kliniki, na siku hizo nne bado zinanisumbua moyoni. Chembe za kinga zilizotoka kwangu zilikuwa zimeuona mwili wake kuwa mgeni na kuanza kuushambulia. Shambulio hilo huanzia zaidi kwenye ngozi, utumbo na ini, ndiyo maana vipele, kuharisha kwingi au macho kuwa ya manjano si mambo ya kusubiri. Huweza kutokea hata baina ya ndugu wa baba na mama mmoja ambao vipimo vimeonyesha wanalingana, bahati ambayo kila ndugu anayo kwa uwezekano wa asilimia 25 tu.

Tiba ya kwanza ya shambulio hilo ni steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, na kwa mdogo wangu ilifaa. Wapo ambao haiwafai. Kwa ajili yao zimeanza kupatikana dawa nyingine, mojawapo ikiwa ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa shambulio la awali lisilosikia steroidi. Lakini kila dawa inayoituliza kinga hiyo huwafungulia mlango virusi na fangasi, na wagonjwa wengine wanaoponea shambulio lenyewe hufa kwa maambukizi. Mwenye saratani ya damu ana mtihani wa ziada, kwa kuwa kinga ileile inayomuumiza ndiyo inayozisaka chembe za saratani zilizobaki, hivyo daktari hawezi kuizima yote bila kuhofia ugonjwa kurudi. Mdogo wangu hakuwa na saratani. Kwake shambulio lile halikuwa na faida hata moja.

Sisemi haya ili kumtisha anayefikiria tiba hii. Kwa selimundu, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukihusisha wagonjwa 1,000 waliopewa uboho na ndugu waliolingana nao ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Katika saratani ya damu matokeo huwa magumu zaidi, lakini uchunguzi mwingine wa mwaka 2011, uliofuatilia watu zaidi ya 10,000 waliofika miaka miwili wakiwa hai na bila ugonjwa, ulikadiria kwamba asilimia 85 wangekuwa hai miaka kumi baada ya kupandikizwa. Miaka miwili ya mwanzo, basi, ndiyo inayohitaji macho ya familia nzima.

Na baada yake yapo mengine: mtoto wa jicho, tezi dundumio ya shingoni kulegea, mifupa kudhoofika, na kwa wengi uwezo wa kuzaa kupotea, jambo linalopaswa kuzungumzwa kabla ya kuanza tibakemikali, zile dawa kali zinazotangulia upandikizaji. Hata kinga ya chanjo za utotoni hupungua au hutoweka, ikabidi mtu mzima achanjwe upya kama mtoto mchanga. Mdogo wangu yuko katika mwaka wa sita. Kundi lake la damu sasa ni langu, na bado hutia matone machoni kila siku kwa sababu ya ukavu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi wako anapokwenda kuandika juu ya mgonjwa aliyepandikizwa uboho, aulize pia ni nani atakayemfuatilia akifika nyumbani, na arudi kwake baada ya siku 100. Kwa hospitali naomba jambo dogo: familia ipewe karatasi ya lugha nyepesi, yenye namba ya simu inayopokelewa usiku, ikitaja homa ya nyuzi 38, vipele, kuharisha na kukosa pumzi kuwa sababu za kupiga simu saa hiyohiyo. Sisi tungekuwa nayo, tusingesubiri siku nne.

Wako,
Dada aliyetoa uboho