Desemba tuchange damu, chakula tukihifadhi hadi Mei

Mhariri,

Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yameingia, na katika parishi nyingi za Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, matangazo yanayosomwa baada ya mahubiri yanafanana: tarehe ya ibada ya nyimbo za Krismasi, zamu za kupamba kanisa, Jumapili ya mavuno, na ombi la kuchangia mchele, sukari, chumvi na sabuni kwa ajili ya wajane, wazee na yatima wanaoishi karibu na kanisa. Mimi ni mzee wa kanisa katika parishi moja ya hapa Jinja, yenye ibada ya Kiswahili inayokusanya wafanyakazi wa viwandani, askari na jamaa zao, pamoja na Wakenya na Wakongo waliohamia mji huu. Kwa kuwa nimeketi katika kamati ya huduma kwa miaka kadhaa, naandika kutetea jambo ambalo huenda likaonekana kuwa utovu wa adabu katika msimu huu: kwamba chakula cha Krismasi tunakitoa katika mwezi usiokihitaji sana, na kwamba katika mwezi huohuo wa Desemba kuna sadaka nyingine, yenye haraka zaidi, ambayo hatuitoi kabisa.

Sadaka hiyo ni damu.

Huduma ya damu ya taifa, yenye makao yake Nakasero, Kampala, hutegemea kwa sehemu kubwa wanafunzi wa sekondari na vyuo, na sababu yake inaeleweka, kwani ni vijana wenye afya, wamekusanyika mahali pamoja, na timu ya ukusanyaji ikifika shuleni asubuhi huondoka jioni na uniti nyingi bila gharama kubwa ya kuzunguka. Mpango huo hufanya kazi vizuri muhula unapoendelea. Muhula wa tatu unapofungwa, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wachangiaji hao hutawanyika vijijini kwao na hawaonekani tena hadi shule zinapofunguliwa karibu na mwanzo wa Februari. Damu nzima iliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda na kuwekwa kwenye jokofu hudumu siku 35 tu. Kila mwenye kalenda anaweza kupiga hesabu mwenyewe: iliyochangwa katika juma la mwisho la masomo, hata kama haikutumika, huwa imekwisha muda wake kabla mwanafunzi wa kwanza hajarudi darasani.

Hitaji, kwa upande wake, haliendi likizo. Mvua za pili za mwaka, zinazonyesha tangu Septemba hadi Novemba, huacha madimbwi ambamo mbu huzaliana, na malaria hupanda kuelekea mwisho wa mwaka. Nasi wa Busoga, eneo ambamo Jinja imo, tumo miongoni mwa maeneo yanayobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo nchini. Vimelea vya malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto mdogo aliyezidiwa anaweza kupungukiwa damu kiasi kwamba dawa peke yake haimwokoi, bali lazima aongezewe damu, tena upesi. Wazazi waliowahi kulaza watoto Nalufenya, kwenye hospitali ya watoto iliyo chini ya hospitali ya rufaa ya Jinja, hawahitaji kuelezwa haya na mtu kama mimi. Tukiwajumlisha kina mama wanaotoka damu nyingi wakati wa kujifungua, na majeruhi wa barabarani ambao msimu wa sikukuu haujawahi kuwakosa, tunaona kwamba wiki ambazo akiba ya damu iko chini ndizo wiki ambazo inaulizwa sana.

Ni nani basi aliyekusanyika mahali pamoja katika wiki hizo, ilhali shule zimefungwa? Ni sisi waumini. Ibada ya nyimbo za Krismasi hujaza kanisa hata watu wakasimama nje madirishani, na wengi wao ni watu wazima wenye afya ambao hawajawahi kuombwa na yeyote wachangie damu. Napendekeza kila parishi ya mjini iialike timu ya damu mara mbili: mara ya kwanza katika Jumapili ya pili au ya tatu ya Majilio, kabla watu hawajapanda mabasi kwenda kijijini, na mara ya pili Jumapili iliyo karibu na Epifania, sikukuu ya mamajusi ya tarehe 6 Januari, watakapokuwa wamerudi. Mara moja haitoshi, kwa sababu ya zile siku 35. Tena, kwa kuwa mwanamume hushauriwa kungoja miezi mitatu kabla ya kuchangia tena, na mwanamke minne, itafaa makundi yagawane zamu, kwa mfano Umoja wa Akina Baba na waimbaji wa kwaya wachangie wakati wa Majilio, Umoja wa Akina Mama na vijana wachangie Epifania.

Najua kinachowazuia wengi, na si sindano. Kila damu inayochangwa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na mtu anaogopa kwamba majibu yatamfikia, au mbaya zaidi, yatawafikia majirani zake wa benchi. Hofu hiyo haiondolewi kwa kuhubiriwa. Itapungua kasisi na mkewe watakapokuwa wa kwanza kulala kwenye kitanda cha kuchangia, na wahudumu wa afya watakapopewa chumba chenye mlango unaofungika badala ya turubai lililotandazwa mbele ya umati.

Sasa nije kwenye chakula. Katika parishi zetu mkulima huleta sadaka ya kile alichovuna: mkungu wa matoke, debe la mahindi, maharage, jogoo, mayai, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada uwanjani kwa vicheko na mbwembwe nyingi. Mnada huo naupenda, lakini tazama unachofanya mwezi wa Desemba. Mahindi ya msimu wa pili ndiyo kwanza yanakauka na kuingia sokoni, kwa hiyo bei yake iko chini, nasi tunayauza kwa bei hiyo. Kisha tunachukua fedha kwenda dukani kununua mchele na sukari katika juma ambalo kila mtu mjini ananunua mchele na sukari. Tumeuza bei ikiwa imeshuka, tumenunua bei ikiwa imepanda, na tumempelekea bibi mfuko mdogo wa vitu vitakavyokwisha kabla ya mwaka mpya. Mfanyabiashara yeyote wa soko kuu la Jinja angetucheka.

Njaa ya Busoga haiji Desemba. Huja kati ya Aprili na Juni, wakati akiba ya msimu uliopita imekwisha, mahindi yaliyopandwa Machi bado ni mabichi shambani, na bei ya unga imepaa. Mwishoni mwa Mei muhula wa pili unafunguliwa, na mzazi anadaiwa ada na mchango wa uji katika juma hilohilo. Kwa jamaa ambao wamepanda miwa kwenye kipande chao chote cha ardhi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu miwa huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa, na katika muda huo chakula cha nyumbani hununuliwa kama wanavyonunua watu wa mjini. (Suala la miwa linastahili barua yake peke yake, nami sitaliingia hapa.)

Kwa hiyo sehemu ya mahindi na maharage ya mavuno isipigwe mnada. Ihifadhiwe. Punje zikaushwe hadi unyevu wake ufikie asilimia 13 hivi, kwa maana zikiwekwa na unyevu zaidi huota kuvu, na sumukuvu hudhuru ini hata baada ya chakula kupikwa. Kisha zitiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huwaua fukusi kwa kuwanyima oksijeni, bila dawa yoyote. Parishi nyingi zina stoo iliyojaa viti vibovu na mabango ya mikutano iliyopita, na chumba hicho kinatosha. Mwezi wa Mei chakula hicho kitolewe kwa wale wasio na kitu, na kingine kipelekwe kwa uji wa shule ya msingi iliyo jirani. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inamwachia mzazi jukumu la kumlisha mtoto anapokuwa shuleni, na mtoto ambaye mzazi wake ameshindwa kulipa mchango huketi darasani hadi saa za alasiri tumbo likiwa tupu. Shule nyingi za serikali zilianzishwa na Kanisa, na majina yake bado yako ubaoni langoni. Hatuwezi kudai tuko mbali nazo.

Nimeambiwa katika kikao kwamba kalenda ya Kanisa ndiyo inayotuelekeza Desemba. Nadhani tunaisoma kalenda hiyo nusunusu. Siku tatu zinazotangulia sikukuu ya Kupaa kwa Bwana zimetengwa tangu zamani, hata katika Kitabu cha Sala, kwa ajili ya kuombea mashamba na mazao, na kwa vile Kupaa haitangulii tarehe 30 Aprili wala haizidi tarehe 3 Juni, siku hizo huangukia ndani ya miezi yetu ya njaa hasa, kana kwamba aliyezipanga alikuwa mkulima wa Iganga. Ni parishi chache ninazozifahamu ambazo bado zinaziadhimisha. Baadaye, ukishapita Pentekoste, unafuata msimu mrefu wa kijani (ndiyo rangi ya vitambaa vya madhabahu wakati huo) unaokaribia nusu ya mwaka, ambao katika daftari la kamati yetu ya huduma hauna ukurasa. Hata tarehe 26 Desemba, ambayo wengi wetu huijua kuwa siku ya kupumzika na kumalizia nyama, ni sikukuu ya Stefano, mmoja wa wale saba ambao sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inaeleza kwamba walichaguliwa kwa sababu baadhi ya wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula. Mgawo uliozungumzwa pale ulikuwa wa kila siku.

Wengine watasema mila ya Krismasi isiguswe. Lakini mila zetu za msimu huu si za kale kama tunavyodhani. Ibada ya masomo tisa na nyimbo, ambayo leo makanisa makuu mengi yanayo, ilipangwa na Askofu Edward Benson kule Truro, Uingereza, mkesha wa Krismasi mwaka 1880. Ni Benson huyohuyo ambaye, akiwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alimweka wakfu James Hannington kuwa askofu mwaka 1884, na Hannington akauawa hapa Busoga Oktoba ya mwaka uliofuata. Kilichobuniwa na mtu miaka 140 na ushei iliyopita kwa mahitaji ya mji wake kinaweza kuongezewa kitu na sisi kwa mahitaji ya wetu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mhazini, anayesema kwamba sadaka za Desemba huwa nono na za Mei huwa haba, na kwamba haiwezekani kugawa kisichopo. Ni kweli, na ndiyo sababu nazungumzia kuhifadhi na wala si kuomba upya. Mwezi wa Mei hata mtoaji mwenyewe hana kitu. Yupo pia anayehofu kwamba chakula kikikaa stoo miezi mitano kitapungua kwa miguu ya watu, na hofu hiyo nayo haidharauliki. Dawa yake ni kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, na hesabu ya magunia kusomwa kanisani kila mwezi kama inavyosomwa hesabu ya sadaka.

Sipendekezi mjane akose kitoweo siku ya Krismasi. Majirani wa mitaa yetu wana desturi njema ya kugawana nyama siku hiyo, na wanasiasa, hasa mwaka wa uchaguzi unapokaribia, huleta sukari bila kuombwa na kupiga picha bila kuulizwa. Wazee wa Walukuba na Masese ambao hawana ndugu wa kuwatembelea waendelee kutembelewa na kupelekewa chakula kilichopikwa, kwa maana upweke wao huzidi pale jirani wote wanapoondoka kwenda kijijini. Hao ni wachache, na majina yao tunayajua. Ninachopinga ni ile foleni ndefu ya mifuko mbele ya madhabahu, majina yakiitwa kwa kipaza sauti, ambayo hutupa sisi tunaotoa furaha kubwa kuliko faida anayoipata anayepokea.

Mhariri, naomba mambo mawili. Makasisi na wazee wenzangu wanaosoma gazeti hili wapeleke mapendekezo haya kwenye vikao vyao sasa, kabla mavuno hayajapigwa mnada, kwa sababu tukingoja hadi Januari hakutakuwa na cha kuhifadhi. Nawe, utakapochapisha saa za ibada za mkesha na za Krismasi, tafadhali chapisha chini yake vituo vitakavyokuwa wazi kwa kuchangia damu kati ya Desemba na mwisho wa Januari, mji kwa mji, pamoja na saa za kufungua na kufunga.

Mzee wa kanisa,
Jinja