Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza naye anahitaji mlezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wakuu wa vyuo vyetu vya Moshi na Arusha kuhusu ulezi, yaani mhadhiri kumfuatilia na kumwongoza mwanafunzi tangu mwaka wa kwanza.

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vijana hushuka stendi na matranka yao wakiuliza njia ya chuo. Wengi wametoka Kigoma, Mtwara au Simiyu, na huku hawana shangazi wala mjomba. Wiki ya kwanza wanaonyeshwa maktaba na namna ya kulipa ada. Baada ya hapo ni mihadhara ya ukumbi uliofurika, madesa (nakala za notsi), na kusubiri bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu. Kijana anaweza kumaliza miaka miwili bila mhadhiri hata mmoja kumjua kwa jina. Atakuja kujulikana siku ana sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, na yuko mbioni kudisko, kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Mimi nilibahatika. Nikisoma hapa Moshi, nilipeleka ripoti ya mafunzo kwa vitendo niliyofanya kwenye chama cha msingi cha kahawa huko Kibosho. Mhadhiri wangu hakuishia kunipa alama. Aliniita ofisini, akafungua jedwali la makusanyo na kuweka kalamu ya risasi kwenye safu ya kilo. Stakabadhi za wakulima zilisema hivi, daftari la ghala likasema vingine. "Hizi kilo zimekwenda wapi?" Nikarudi Kibosho, nikakaa na karani wa mzani tukipitia stakabadhi moja moja, mpaka tukagundua kwamba kahawa iliyopokelewa ikiwa na unyevu ilikuwa imekaukia ghalani, na upungufu wa uzito haukuandikwa popote. Leo nafanya kazi ya mahesabu ya vyama vya ushirika, na kila nikifungua vitabu vya chama naanza na swali lile lile.

Mwaka 2014 shirika la Gallup na Chuo Kikuu cha Purdue, huko Marekani, waliwahoji wahitimu wapatao 30,000. Waliokuwa na mwalimu aliyewajali, aliyewafanya wapende kusoma na mtu wa kuwatia moyo wafuate ndoto zao, walikuwa na nafasi mara mbili ya wenzao ya kuipenda na kuifanya kazi yao kwa moyo. Waliosema bila kusita kwamba waliyapata yote matatu walikuwa asilimia 14 tu, na hiyo ni nchi tajiri.

Hapa kwetu ulezi huu upo, ila umewekwa juu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, mwanafunzi wa udaktari hufuatana na daktari bingwa kitanda hadi kitanda, akiulizwa na kusahihishwa. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, Arusha, inafundisha shahada za uzamili na uzamivu, na kila mwanafunzi wa utafiti ana msimamizi wake. Yule wa shahada ya kwanza katika fani nyingine husubiri hadi mwaka wa mwisho, wakati wa utafiti, ndipo apate wake. Anayehitaji zaidi ndiye anayepata mwishoni!

Siwalaumu wahadhiri. Wana vipindi vya mchana na jioni, wana rundo la karatasi za kusahihisha, na cheo kinapanda kwa machapisho. Saa nzima anayokaa na kijana aliyefiwa na baba katikati ya muhula haihesabiwi popote. Basi ihesabiwe. Iingizwe kwenye mzigo wa kazi kama kipindi, na itazamwe wakati wa kupandisha vyeo. Orodha ya washauri wa masomo iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo haimlei mtu.

Wazazi wa mabinti wana hofu yao, na ni ya haki. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, lakini binti hatakiwi kusubiri mahakama. Ulezi uwe rasmi: saa zijulikane, vikao viwe vya kikundi au ofisini mlango ukiwa wazi, na binti aweze kuomba mlezi mwingine bila kuulizwa maswali.

Muhula ujao vyuo vianze na vikundi vya wanafunzi 15 wa mwaka wa kwanza kwa kila mhadhiri, vikutane walau mara mbili kwa muhula. Nasi wahitimu tulio kwenye vyama, benki na hospitali za hapa tuitwe. Tuko tayari kuwapokea vijana hawa kwa mafunzo ya vitendo, na kukaa nao tukazisoma ripoti zao ukurasa kwa ukurasa.

Mhitimu na mhasibu wa ushirika,
Moshi